Tupeane uzoefu: jinsia ya mwandishi na wahusika wa riwaya za kisayansi

Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, Makole, na riwaya za kisayansi ndizo zinazonikesha. Umewahi kusoma au kuandika mhusika ukahisi kabisa kwamba jinsia ya mwandishi ndiyo iliyomuumba? Leteni yaliyowakuta wenyewe.

Naanza. Frankenstein ya Mary Shelley ilitoka London mwaka 1818 bila jina la mwandishi. Aliianza akiwa binti wa miaka 18, lakini wasimulizi wake wakuu watatu ni wanaume: nahodha, mwanasayansi Victor na kile kiumbe alichokiumba. Wanawake kama Justine na Elizabeth wanakufa tu. Nilikasirika, nikajiuliza mwanamke anawezaje kuwaandika wenzake hivi. Nilipoirudia nikaona chanzo cha vifo vyote: mwanaume aliyetaka kuleta uhai bila mwanamke, akafanikiwa, kisha akakikimbia kiumbe chake usiku uleule. Mary alikuwa ameshazika mtoto wake wa kwanza mwaka 1815. Kwangu mimi, Victor ameandikwa na mtu anayejua kichanga kinahitaji nini.

Alizeti_Singida:
Asante dada kwa mada. Mimi naandika hadithi za askari wa anga, nazirusha kwenye kundi la WhatsApp kwa jina la kupanga. Wasomaji wananiita kaka. Mmoja akanifuata inbox: "Mkuu, inaonekana umepita jeshini." Sijapita. Nauza mafuta ya kula barabarani, na madereva wa malori wakisimama nasikiliza wanavyobishana, wanavyoficha woga kwa matusi. Hao ndio askari wangu.

Ndiyo maana kisa cha James Tiptree, mwandishi wa hadithi za kisayansi, kilinigusa. Mwaka 1975 Robert Silverberg, naye mwandishi, alishikilia kwamba uandishi ule hauwezi kuwa wa mwanamke. Haukupita muda ikajulikana Tiptree ni Alice Sheldon, mama aliyewahi kutumikia jeshi la Marekani na shirika la ujasusi la CIA. Walichokiita uanaume kilikuwa maisha yake mwenyewe.

Mwl_Kongwa:
Niliwapa kidato cha tatu insha: siku ya kwanza kwenye sayari ya Mirihi. Wavulana wengi walitua na silaha na bendera. Binti mmoja akajaza ukurasa mzima na foleni ya maji ndani ya chombo: nani ana zamu ya usiku, ndoo ya nani imesogezwa, nahodha kaficha dumu chini ya kitanda. Nahodha mwenyewe ni mwanaume, na pale anapokutwa anaanza kufoka kuhusu nidhamu huku mguu wake unalisukuma dumu ndani zaidi. Darasa zima lilimtambua nahodha huyo!

Kwa hiyo sikubali kwamba ni jinsia moja kwa moja. Ni kazi anazopewa mtu. Ila huku kwetu anayeamshwa alfajiri kwenda kuchota maji tunamjua, na kaka zake wanaendelea kulala.

Baba_Nkuhungu:
Mwalimu umemaliza. Naongeza Kindred ya Octavia Butler, 1979. Dana, mwanamke mweusi wa California, anavutwa ghafla hadi Maryland ya enzi za utumwa. Wasafiri wa wakati niliowazoea, walioandikwa na wanaume wenzangu, wanawaza kubadilisha historia. Dana anawaza atavaa nini na nani atamkuta peke yake. Anajifunga mfuko mwilini wenye kisu na dawa za maumivu. Nilimsimulia mke wangu, akajibu palepale: "Na khanga je?"

Alizeti_Singida:
@Baba_Nkuhungu msalimie shemeji, hiyo khanga naiweka kwenye hadithi yangu ijayo.

Mzabibu:
Nyie mmekwenda mbali, Walenisi ya Katama Mkangi (1995) mmeiacha? Dzombo anarushwa angani mpaka jamii nyingine kabisa. Niliisoma zamani, sasa nataka niirudie nikiwatazama wanawake wa mle ndani kwa jicho la mada hii. Mwenye nakala hapa Dodoma naomba kuazima, nitaifuata popote ulipo.