Boksi la sabufa: la bomba au la kuzibwa? MDF au plaiwudi?

Kijana_Mbale: Wakuu habari. Nina spika ya besi inchi 12, nataka kuitengenezea boksi la sebuleni. Seremala ananisubiri Jumamosi. MDF (mbao za unga wa mbao uliogandamizwa) au plaiwudi? Na je, niweke bomba la kupitishia hewa au nizibe kabisa? Nisaidieni haraka.

Mzee_Besi: Spika gani, ssebo? Inchi 12 ziko za kila aina. Amplifaya wati ngapi? Chumba kikubwa kiasi gani? Tupe vipimo vya kiwandani: Fs (mtetemo wa asili wa spika), Qts (jinsi koni inavyojizuia) na Vas (ulaini wa koni kwa lita za hewa), la sivyo tutabahatisha tu.

Kijana_Mbale: Nyuma imeandikwa omu 4, wati 300. Stika nyingine imechunika.

Mzee_Besi: Wati hazikuambii ukubwa wa boksi. Qts ikipita 0.5 hivi, ziba. Ikiwa chini ya hapo, bomba linakufaa. Tafuta namba ya modeli kwenye sumaku, kisha ingiza vipimo kwenye WinISD, ni programu ya bure.

Nyabo_Spika: Mimi ni wa bomba, sibadiliki. Mfano: lita 60 halisi, bomba la PVC la inchi 4, urefu sm 36, unapata mwitikio wa karibu hezi 30 (mitetemo kwa sekunde). Likate hadi sm 25 inapanda hezi 35. Kwa ndani piga sm 40 kwa 45 kwa 38, maana bomba, spika na mbao za kukazia navyo vinakula nafasi. Nyuma ya bomba acha uwazi usiopungua upana wake.

Fundi_Mstaafu: Dada, umesahau kumwambia kwamba chini ya hizo hezi koni haina breki. Inarukaruka hadi koili igonge nyuma na kuharibika. La bomba sauti yake inaporomoka desibeli 24 kwa oktevu (kila hezi zikipungua nusu), la kuzibwa 12 tu. Asiyejua vipimo vya spika yake azibe, alale salama.

Nyabo_Spika: Kuna kichujio cha kukata besi za chini kabisa, mzee.

Fundi_Mstaafu: Kwenye amplifaya ya sebuleni? Nionyeshe.

Entebbe_Sauti: Kuhusu mbao, sikiliza yaliyonipata. Seremala mmoja aliniuzia boksi la MDF lililopakwa rangi likang'aa. Ndani hakuweka gundi, misumari tu. Bomba akaweka la inchi 2, eti linapendeza. Eneo lake ni robo ya lile la inchi 4, kwa hiyo hewa inapita kwa kasi mara nne. Kila besi ikigonga nasikia fuu, fuu, kuliko hata muziki wenyewe. Nikavumilia. Ikaja mvua ya Aprili, maji yakapenya chini ya mlango usiku. Asubuhi upande wa chini umevimba kama andazi, ukikwangua kwa ukucha unamong'onyoka. Nilipomrudia akasema ni mvua, si yeye. Plaiwudi, ndugu yangu. Plaiwudi.

Mzee_Besi: Hiyo ni gundi na mlango, MDF umeionea. Mimi nina ya MDF miaka mingi, nimeipaka vanishi pande zote hata chini, imekaa juu ya miguu ya mpira. MDF haina mapengo katikati kama hizi plaiwudi za bei rahisi za Ndeeba, kule kwa wauza mbao Kampala, zinazotetemeka zenyewe.

Entebbe_Sauti: Za bei rahisi, ndiyo. Nunua nzuri.

Mzee_Besi: Kwa bajeti gani? Hata hajatuambia!

Nyabo_Spika: Kijana, ukimaliza gundi na silikoni, ziba bomba kwa kitambaa, washa udi, bonyeza koni taratibu kwa viganja. Moshi ukicheza kwenye kona, hapo panavuja.

Kijana_Mbale: Asanteni. Nimekwangua sumaku, naona herufi tatu tu. Bajeti tutaongea na seremala. Swali lingine: bomba likiwa wazi, mijusi haitaingia?

Entebbe_Sauti: Inaingia. Na mende.

Fundi_Mstaafu: Ndiyo maana nikasema zibeni.

Nyabo_Spika: Weka wavu wa dirisha.

Mzee_Besi: Wavu wa mbu ni mzito kwa hewa, utaleta ile fuu fuu. Weka wenye matundu makubwa.

Entebbe_Sauti: Matundu makubwa mende anapita, mzee.