Nimekata rufaa, lakini dalali anataka kubeba mashine yangu ya alizeti. Nifanyeje?

Mama Mashudu:
Wakuu, naomba ushauri wenu, leo ni siku ya tatu sijalala.

Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Kibaigwa. Mwaka juzi nilichukua alizeti kwa mali kauli kwa mfanyabiashara mmoja. Tukapishana kwenye hesabu, akanifungulia kesi mahakama ya wilaya akidai milioni 38. Milioni 21 nilishamlipa kidogo kidogo kwa simu, ila karatasi za miamala zilikataliwa kwa kuwa hatukueleza zilivyotolewa kwenye mfumo. Nikashindwa. Nimekata rufaa Mahakama Kuu Dodoma, namba ya shauri ninayo na ada nimelipa. Nikatulia, nikijua rufaa ikishasajiliwa kila kitu kinasimama.

Jumatatu akaja dalali wa mahakama na notisi ya siku 14. Akazunguka mashine, akapiga picha mota na chujio, akahesabu mpaka magunia ya alizeti ya wateja yaliyopangwa barazani yakisubiri zamu. Nilipompa karatasi ya rufaa aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia. "Mama, hii hainizuii mimi."

Ni kweli? Msimu ndio huu, na nina vijana wanne wanaokula kwa mashine hiyo.

Kijana wa Ntyuka:
Pole sana mama. Wahi upeleke notisi ya rufaa ndani ya siku 30, hiyo ndiyo inayosimamisha.

Mwanasheria wa Chamwino:
Hapana ndugu yangu, usimpoteze mama. Notisi ya siku 30 ni ya anayetoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, na hata huko haisimamishi chochote yenyewe. Mama anatoka mahakama ya wilaya.

Mama, pole. Dalali kakwambia kweli. Amri ya 39 kanuni ya 5 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inasema wazi kwamba kukata rufaa peke yake hakuzuii kukazia hukumu, yaani kuitekeleza kwa kukamata mali. Lazima ufungue maombi mengine, tofauti na rufaa yako, ya kusitisha utekelezaji. Kwa kuwa rufaa iko Mahakama Kuu tayari, maombi yaende hukohuko, yakiungwa mkono na kiapo chako, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia.

Mahakama itataka kuridhika na mambo matatu, na yote matatu lazima yawepo: kwamba utapata hasara kubwa ukikaziwa sasa, kwamba hukuchelewa kuomba, na kwamba umetoa dhamana ya kutekeleza hukumu endapo rufaa itakushinda. Wengi wanaandika mawili ya kwanza vizuri, la dhamana wanaliruka. Hapo ndipo maombi yanapokufa.

Na usisubiri siku ya 13. Weka hati ya dharura ili maombi yasikilizwe haraka, omba pia amri ya muda ya upande mmoja, yaani jaji azuie kwanza wakati maombi yanasubiri kusikilizwa. Kanuni hiyohiyo inaruhusu. Mashine ikishauzwa hakuna tena cha kusitisha.

Baba Zabibu:
Dada, mimi yalinikuta. Nalima zabibu Hombolo. Nilishindwa kesi ya deni, nikakata rufaa, nikaomba kusitisha. Kiapo changu kiliandika "mwombaji atapata hasara kubwa isiyofidika", basi, mstari mmoja. Jaji akauliza hasara gani, ya kiasi gani, kwa nini isifidike kwa fedha? Sikuwa na jibu kwenye karatasi. Kusimama na kueleza kwa mdomo hakukusaidia, kwa sababu ushahidi wa maombi ni kiapo. Yakatupwa.

Pampu yangu ya kumwagilia ikauzwa wakati zabibu zinaweka vichala. Nilisimama shambani nikiangalia mizabibu ya miaka sita inavyojikunja majani. Baadaye rufaa nilishinda. Sheria inasema ukishinda unarudishiwa, nami nilirudishiwa fedha ya pampu. Ile mizabibu nani angenirudishia?

Kwa hiyo andika kila kitu. Unakamua gunia ngapi kwa siku, unalipa vijana kiasi gani, wateja gani wamekuachia mzigo. Ambatisha daftari lako la zamu.

Nyamwezi Manyoni:
Magunia ya wateja si mali yako. Wakikamata, wenyewe wana haki ya kupeleka pingamizi mahakamani kwamba si ya mdaiwa. Waandikishe majina na idadi leo, wasaini.

Mama Mashudu:
Asanteni, Mungu awabariki. Swali la dhamana: milioni 38 taslimu sina, ningekuwa nazo tusingefika huku. Kaka yangu ana kiwanja Nkuhungu chenye hati, yuko tayari. Kinakubalika? Na nyumba ninayoishi wanaweza kuichukua?

Mwanasheria wa Chamwino:
Si lazima taslimu. Kinachotakiwa ni dhamana inayotosha na inayoshikika, iwe dhamana ya benki au hati ya mali. Ya kaka inawezekana, ila kaka mwenyewe aape kiapo kwamba anaitoa, aambatishe nakala ya hati na tathmini ya thamani. Kama ana mke na wanaishi hapo, ridhaa ya mke iwe ya maandishi. Kwenye kiapo chako usiseme "niko tayari kutoa dhamana yoyote". Itaje dhamana yenyewe.

Nyumba unayoishi na wanao, kwa deni la fedha kama hili, Sheria hiyohiyo (kifungu cha 48 katika toleo la 2019) inaikinga isikamatwe. Kama uliiweka rehani, hilo ni jambo lingine. Kifungu hicho kinakinga pia zana za fundi na za mkulima, lakini kwa kinu cha biashara nisingekitegemea.

Binti Kondoa:
Mama, kama wakili ni ghali nenda kwa watoa msaada wa kisheria. Ila kiapo usiandike mwenyewe, kosa dogo kwenye uthibitisho wake linaweza kuwa pingamizi la mwenzako.

Kijana wa Ntyuka:
Nimeelewa, mwanasheria. Samahani mama kwa kukupotosha.

Mama Mashudu:
Usijali mwanangu, ulitaka kusaidia.

Wakuu, nirudi na taarifa. Maombi tuliyafungua siku ya sita ya notisi. Kiapo kina kurasa saba, daftari la zamu limeambatishwa, wateja 23 wamesaini. Kaka aliapa, wifi naye akaandika ridhaa yake bila kusukumwa, nimemshukuru mpaka nikalia. Juzi jaji ametoa amri ya muda mpaka pande zote zisikilizwe tarehe 19. Nakala nimempelekea dalali mwenyewe, akasaini kupokea mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Safari hii aliisoma, akaitia mfukoni.

Leo asubuhi tumewasha mashine.