Nguzo za mvule zimeota weusi: nitumie jiki au dawa nyingine?

Mama wa Entebbe
Hamjambo ndugu. Baraza letu linatazama ziwani, nguzo na reli zake zote ni za mvule. Tangu mvua zile ndefu, upande usiopata jua umeota madoa meusi, na chini karibu na sakafu kuna utando wa kijani. Kila penye msumari pameteremka mchirizi mweusi. Upande wa jua mbao zimepauka, zimekuwa za kijivu. Vanishi ilikwisha zamani. Jirani anasema nimwagie jiki tu, basi. Naogopa, maana mbao hizi alizipasua baba mkwe mwenyewe, na mvule siku hizi kuupata ni kazi.

Fundi Jinja
Dada, kwanza ujue doa ni la nini. Chovya pamba kwenye jiki, gusa doa moja jeusi, subiri dakika moja au mbili. Likififia, ni kuvu. Likibaki vile vile, ni uchafu au ni chuma. Hiyo michirizi ya misumari ni chuma kilichoshikana kwenye unyevu na tanini, kemikali iliyomo ndani ya mti wenyewe. Jiki haitaitoa hata umalize jerikeni.

Jiki inaua kuvu, sikatai. Lakini uchafu haiutoi, na ikiwa kali inakula lignini, kile kinachoshikanisha nyuzi za mbao. Ukipitisha kiganja unakuta mbao imesimama manyoya. Misumari nayo inazidi kushika kutu.

Mimi ningetumia blichi ya oksijeni, ile ya unga. Soma pakiti, iwe imeandikwa sodium percarbonate. Koroga kwenye maji ya uvuguvugu, pakaa, acha kama robo saa bila kuiachia ikauke, kisha sugua kufuata nyuzi za mbao. Brashi ya waya usiiguse, inaacha chembe za chuma ndani ya mbao. Koroga ya siku hiyo tu, na usiifungie kwenye chupa: inatoa gesi, chupa inaweza kupasuka.

Mwana Mbale
Fundi, hiyo si inaifanya mbao iwe nyeusi zaidi?

Fundi Jinja
Inaikoza, kwa sababu ina magadi. Suuza vizuri, halafu pakaa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji. Hiyo ndiyo inayorudisha rangi na kutoa michirizi ya chuma. Ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na miwani, watoto na kuku wakae mbali, na ukimaliza suuza tena. Na isikutane na jiki hata tone! Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo inaunguza mapafu.

Mama wa Entebbe
Asante sana fundi. Nimejaribu pamba: madoa yamefifia, michirizi haikutikisika. Na ule ukijivu?

Fundi Jinja
Huo ni wa jua, uko juu juu tu. Dawa hizo zitautoa sehemu kubwa, utakaobaki piga msasa laini. Ngoja kiangazi cha Januari, mbao zikauke kabisa ndipo upake mafuta. Na misumari hiyo itoe, weka skrubu zisizoshika kutu, la sivyo michirizi inarudi na mvua za Machi.