Naomba ushauri: nawafundishaje vijana kwamba Mungu hana mwanzo?

Sauti ya Nyikani (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina kipindi cha dakika 40 na vijana wa miaka 14 hadi 17, mada ni umilele wa Mungu. Maswali yao wameshayaandika: Nani alimuumba Mungu? Kabla ya kuumba alikuwa anafanya nini? Yesu alizaliwa, sasa anakuwaje wa milele? Na kama Mungu habadiliki, mbona imeandikwa alighairi?

Sitaki kuwajibu "hilo ni fumbo, amini tu", maana watajua nimewakwepa. Nianzie wapi, na niepuke nini?

Mchimba Maandiko

Usianze na swali la kwanza, hata kama ndilo linalowawasha. Ukilianza hilo kipindi kinageuka mdahalo kabla hawajajua wanabishania nini. Anza na Zaburi 90: mstari wa 1 hadi wa 4, kisha ruka hadi wa 10 na wa 12. Dakika kumi zinatosha.

Wasome wenyewe kwa sauti, halafu waulize mstari wa 2 unasema Mungu ni Mungu kuanzia lini. "Kabla haijazaliwa milima, wala hujaiumba dunia, na tangu milele hata milele ndiwe Mungu." Wataona kwamba milima imezaliwa, dunia imeumbwa, lakini kwa Mungu hakuna kitenzi cha kuanza. Haisemwi "ulikuwa Mungu" wala "ulipata kuwa Mungu". Inasemwa "ndiwe". Hapo ndipo pa kukaa.

Ukifika mstari wa 4 utakutana na mtego. Kijana mmoja atakwambia miaka elfu kwetu ni siku moja kwa Mungu, na ataanza kupiga hesabu. Mwambie amalizie mstari: miaka elfu ni kama siku ya jana iliyokwisha kupita, *na kama kesha la usiku*. Israeli ya kale waliugawa usiku katika makesha matatu. Sasa miaka elfu ni siku nzima au ni theluthi ya usiku? Hesabu imeshakataa. Halafu mfungulie 2 Petro 3:8, ambapo usemi unakwenda pande zote mbili: siku moja kama miaka elfu, na miaka elfu kama siku moja. Hicho si kipimo cha kubadilishia, kama shilingi kwa dola. Maana yake ni kwamba muda mrefu haumchoshi Mungu na muda mfupi haumbani.

Mistari ya 10 na 12 usiiache. Miaka yetu sabini, au themanini tukiwa na nguvu, imewekwa kando ya umilele wake kwa makusudi, na mstari wa 1 umeshasema yeye ni makao yetu kizazi baada ya kizazi. Zaburi hii inawapa watu wanaokufa mahali pa kukimbilia. Fumbo la kuumiza vichwa halimo.

Fikra Pevu

Kwenye "nani alimuumba Mungu" kosa liko ndani ya swali. Muulizaji anadhani kanuni ni "kila kilichopo kina aliyekiumba". Ingekuwa hivyo, Mungu naye angehitaji muumba, na muumba huyo naye wake, bila kikomo. Lakini Wakristo hawasemi hivyo. Wanasema kila *kilichoanza kuwapo* kina chanzo. Mungu hakuanza, kwa hiyo swali halimgusi. Andika sentensi hizo mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, wazilinganishe wenyewe.

Mjanja mmoja atasema, "Basi kwa nini ulimwengu nao usiwe hauna mwanzo?" Usimkatishe, swali lake lina uzito. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alikubali kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza, na kwamba hilo tunalijua kwa ufunuo. Hoja yake kwa Mungu aliijenga kwingine: vitu tunavyoviona vinaweza kuwapo na vinaweza visiwepo, kwa hiyo haviwezi kuwa ndivyo vinavyojitegemeza. Hata ulimwengu usingekuwa na siku ya kwanza, bado ungehitaji wa kuushikilia uwepo. Mungu hategemezwi na chochote. "MIMI NIKO AMBAYE NIKO", Kutoka 3:14.

Na tafadhali usiseme "Mungu alijiumba". Nimeona walimu wakiliandika kwa nia njema. Ili ajiumbe ingebidi awepo kabla ya kuwapo, na kijana wa miaka 15 atalishika kosa hilo kabla hujafuta ubao.

Dada Tumaini

Swali la kabla ya kuumba lina utani wake wa zamani. Augustino, askofu wa Kanisa la kale, anautaja katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake: mtu aliulizwa hivyo akajibu kwamba Mungu alikuwa anaandaa jehanamu kwa wanaochungulia makuu. Augustino mwenyewe akakataa kujibu namna hiyo, kwa sababu kumcheka muulizaji si kumjibu. Jibu lake ni kwamba wakati wenyewe umeumbwa, kwa hiyo hapakuwa na "siku zile" ambazo Mungu alikaa bila kazi.

Ila ukiishia hapo umewapa nusu. Nenda Yohana 17:5 na 17:24. Yesu anataja utukufu aliokuwa nao kwa Baba kabla ulimwengu haujakuwako, na kwamba Baba alimpenda kabla ya kuwekwa msingi wa ulimwengu. Mungu hakuwa mpweke akatuumba ili apate wa kumpenda. Upendo ulikuwamo.

Mchimba Maandiko

Dada Tumaini kanifungulia njia ya swali la Yesu. Hapa tenganisha mambo mawili ambayo vijana huyachanganya: kuzaliwa kwake na Bikira Maria, ambako kuna mahali na wakati, na kuzaliwa kwake kutoka kwa Baba, ambako hakuna. Kanuni ya imani imeweka yote mawili: "aliyezaliwa bila kuumbwa", kisha mbele kidogo inasema akatwaa mwili. Arius, kasisi wa karne ya 4, alifundisha kwamba kulikuwa na wakati Mwana hakuwako. Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ukalikataa hilo moja kwa moja. Sababu yake ieleze hivi: kama kuna wakati Mwana hakuwako, kuna wakati Baba hakuwa Baba, na hapo Mungu amebadilika.

Andiko la kulifanyia kazi ni Yohana 8:57-59. Wayahudi wanahesabu miaka: hujafika hata hamsini, nawe umemwona Ibrahimu? Yesu angetaka kudai umri tu, angesema "nilikuwako". Alisema "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko." Wakaokota mawe. Waulize vijana kwa nini mawe, na uwaache wajibu wenyewe.

Jiandae pia kwa Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote". Peleka Zaburi 89:27, ambapo Mungu anasema atamfanya Daudi mzaliwa wa kwanza, na Daudi alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wote. Ni cheo cha mrithi. Na mstari unaofuata Wakolosai 1:15 unasema vitu vyote viliumbwa katika yeye, kwa hiyo hawezi kuwa kimojawapo.

Mzee wa Pembeni

Kwa kughairi: 1 Samweli 15. Mstari wa 11 Mungu anajuta kumtawaza Sauli, mstari wa 29 Samweli anasema Mungu si mwanadamu hata ajute, mstari wa 35 Mungu anajuta tena. Sura moja! Mwandishi hakusahau alichoandika. Funguo iko Yeremia 18:7-10: Mungu akitangaza kuliangamiza taifa nalo likageuka, anaghairi. Aliyegeuka ni taifa, na kanuni yake Mungu ni ile ile. Ninawi, mji uliotubu Yona alipouhubiria, ni mfano hai.

Fikra Pevu

Tahadhari moja kuhusu mifano. Wengi hutumia ule wa mtu aliye juu ya mnara anayewaona wasafiri wote barabarani kwa mara moja, wakati wao wanaona tu walio karibu. Akwino anao. Unafaa kuonyesha jinsi Mungu anavyoyaona yaliyopita na yajayo pamoja. Unavunjika hapa: mtu wa mnarani naye anazeeka, na jua linamzamia. Utumie, kisha uuvunje mwenyewe mbele yao, kabla hawajaondoka na picha ya Mungu aliye mbali akitazama tu.

Mpita Njia 7

Naomba kutofautiana kidogo. Mnaongea kana kwamba "Mungu yuko nje ya wakati" ni andiko. Biblia inasema hana mwanzo, hana mwisho, hana kigeugeu (Malaki 3:6). Kwamba kwake hakuna jana wala kesho ni hitimisho la wanateolojia, likitegemea sana maelezo ya mwanafalsafa Boethius wa karne ya 6: umilele ni kuwa na uhai usio na mipaka, wote kwa pamoja na kwa ukamilifu. Wapo wanafalsafa Wakristo, Nicholas Wolterstorff mmojawapo, wanaoshikilia kwamba Mungu hana mwanzo wala mwisho lakini matendo yake yana mfululizo.

Fikra Pevu

Kweli, na mleta mada asiwabebeshe vijana ubishi huo. Mimi namfuata Boethius, kwa sababu asiyemfuata lazima aseme Mungu naye ana jana iliyokwisha kumpita. Lakini kijana akisema "hana mwanzo, hana mwisho, habadiliki" amekiri vya kutosha.

Sauti ya Nyikani (mleta mada)

Mbarikiwe sana. Nagawa hivi: Zaburi 90 dakika 10, nani alimuumba 12, kabla ya kuumba 5, Yohana 8 dakika 10, kughairi 3. Kijana akiuliza kama sisi pia tutakuwa wa milele?

Dada Tumaini

Kughairi dakika 3 hazitoshi, kusoma tu Samweli na Yeremia kunazimaliza. Punguza mbili kwenye nani alimuumba, upate 5.

Kuhusu sisi: tunapewa uzima usio na mwisho, ila mwanzo tunao, na tunaupokea. 1 Timotheo 6:16 inasema yeye peke yake hapatikani na mauti. Malaika nao hawafi lakini waliumbwa. Chora mistari mitatu ubaoni: mnyama ana mwanzo na mwisho, mtu na malaika wana mwanzo bila mwisho, Mungu hana vyote viwili. Wa Mungu usiuchore mrefu kuliko mingine, watadhani tofauti ni urefu. Acha nafasi tupu, uandike jina lake tu.