Kafungua hotpoti ya mwanangu mbele ya darasa zima AKAZIBA PUA, halafu eti hicho ndio kipindi cha lishe

Mama Wawili wa Buguruni:

Jamani nimekaa kwenye kochi tangu nimerudi, viatu sijavua, mikono inatetemeka, naandika hivi hivi mkikuta nimekosea herufi mnivumilie.

Yule madam. Simtaji na wala sina haja, kila mzazi aliyewahi kupeleka mtoto ingilishi midiamu hapa Dar anamjua. Yule anayeanza ujumbe kwenye grupu la wazazi kwa salamu ndefuuu halafu mwisho unakuta mchango. Yule ukimfuata kumuuliza jambo la mtoto anakukagua kuanzia kandambili kwenda juu, akifika usoni ameshachoka. Mnamjua. Leo kaziba pua.

Wiki iliyopita kaandika kwenye grupu kwamba Ijumaa ni siku ya lishe, kila mtoto wa darasa la tatu aje na mlo kamili, watafundishwa makundi ya vyakula na mtoto atakayefanya vizuri atapewa nyota. Nilifurahi kuliko mtoto mwenyewe. Haya mambo ya lishe mimi nimeyajua kwa machozi, huyu mtoto alipopita mwaka mmoja aligoma kuongezeka uzito, kwenye kadi ya kliniki mstari ukawa unalala tu, nesi mmoja mtu mzima akanivuta pembeni kwenye lile bango la ukutani akanionyesha kwa kidole, mama hizi nafaka na viazi na ndizi, hizi kunde na karanga, hivi vya wanyama, mboga, matunda, mafuta kidogo, akaniambia huna haja ya kuwa tajiri, nunua dagaa, safisha, saga, mchanganyie kwenye uji. Dagaa ndio waliomsimamisha mwanangu. Dagaa hao hao aliowazibia pua leo.

Jana nikitoka kibaruani nikapita sokoni nikachagua viazi lishe, vile ukikata ndani vina rangi ya karoti, nikachukua dagaa wa Kigoma, matembele, ndizi mbivu mbili. Nafika nyumbani umeme hakuna. Nimetoa vichwa vya dagaa kimoja kimoja na vitumbo vyake kwa tochi ya simu, simu nimeibana kwa kidevu, ili tu asikutane na uchungu mdomoni. Saa kumi alfajiri niko jikoni, nimekaanga na kitunguu na nyanya, nikakamulia ndimu, viazi nikachemsha na maganda yake ndio nikamenya. Hotpoti ya bluu, mfuniko nimebandika plasta nimeandika jina lake kwa peni. Akaondoka nayo kaikumbatia.

Sasa sikilizeni. Kanisimulia mwanangu, kanisimulia na mtoto wa jirani anayekaa naye dawati moja, nimewauliza kila mmoja peke yake na maneno ni yale yale. Madam anapita dawati kwa dawati anafungua vyombo. Kafika kwa wangu. Kafungua. AKAZIBA PUA. Kwa vidole viwili, hivi, kidole gumba na cha shahada, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo cha stendi. Watoto thelathini na nane wanamtazama. Halafu akasema, huku pua imezibwa, "Mh, nani kawaletea kuku chakula?"

Darasa zima likaangua kicheko.

Na nyota akampa nani? Mtoto aliyekuja na chipsi, soseji mbili na juisi ya boksi! Hivi wazazi wenzangu nisaidieni, chipsi na soseji na juisi ya boksi ni mlo kamili wa nchi gani? Mboga iko wapi pale? Tunda lipo wapi, ile picha ya chungwa kwenye boksi? Mtoto simlaumu, yule ni malaika kabeba alichopewa. Namlaumu mtu mzima mwenye cheti, mwenye chaki mkononi, ambaye kapewa kipindi kizima kufundisha watoto wa mjini chakula cha kweli kikoje akaishia kuwafundisha kwamba chakula cha kweli kinanuka.

Hotpoti imerudi imejaa, dagaa hajaguswa hata mmoja. Kaificha ndani ya sweta, joto hili la Dar mtoto kavaa sweta kwenye skuli basi ili wenzie wasiione. Kaniwekea mezani akasema, "Mama, Jumatatu usiniwekee tena chakula cha kuku."

Nimelia. Ada ya pale naidunduliza kwa kuamka na jogoo, halafu mtu anaziba pua. ANAZIBA PUA mbele ya chakula. Kwetu mtu akiachia wali kidogo kwenye sahani bibi anakuangalia mpaka unaurudia, huyu kaziba pua kwenye chakula cha mtoto wa mwenzie.

Jumatatu saa moja nipo getini. Naombeni ushauri kabla sijaenda, maana nikienda na hasira hizi nitaongea lugha zote.

Mzee wa Tabata:
Pole sana mama. Nenda na ile hotpoti. Mwekee mezani, mwambie aonje.

Kijana wa Kona:
Nimesoma mpaka mwisho, harufu ya dagaa imenifikia hadi huku. Hahahaha. Uzi bila picha haunogi, weka picha ya hotpoti tupige kura ya nyota.

DadaZai:
Kijana wa Kona kama huna mtoto pita kimya kimya. Mama mimi nimeumia. Wangu aliitwa "mama mihogo" mwaka mzima kisa alipeleka mihogo ya nazi. Mwalimu anajua, anacheka nao.

Ticha Mkongwe:
Mimi ni mwalimu, tena wa shule ya serikali, nasema ukweli huyo mwenzetu kakosea vibaya. Ila na nyie wazazi mtuelewe. Darasa langu lina watoto mia moja na kumi na mbili. Lishe ipo kwenye sayansi, unaigusa kwa kipindi unapita, walimu wengi wanafundisha walichokaririshwa wakiwa wadogo, vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na joto, vya kulinda mwili, mwisho. Bango sina, sampuli za vyakula nanunua kwa hela yangu. Tulianzisha bustani ya mchicha kwenye viroba nyuma ya madarasa, watoto walikuwa wanamwagilia zamu kwa zamu, mtoto aliyekuwa hagusi mboga kwao akaanza kuuliza mchicha wetu tutakula lini. Mbuzi wa jirani akaingia Jumapili moja akamaliza vyote. Uzio tumeomba mpaka leo.

Mama Wawili wa Buguruni:
Mwalimu asante, mbuzi pole. Lakini wewe ulipokuwa na mchicha kwenye kiroba uliwafanya watoto waupende. Huyu alikuwa na dagaa, viazi lishe, matembele na ndizi kwenye chombo kimoja, somo lote limepikwa, limefungwa, limeletwa mpaka dawatini, angenyoosha tu kidole aseme watoto angalieni, hiki kiazi kina vitamini A, huyu dagaa analiwa mzima na mifupa yake ndio kalsiamu. Akaziba pua!

Binti Lishe:
Nimesomea haya mambo. Kwanza hongera mama, hiyo hotpoti ilikuwa sahihi kabisa. Pili Ticha, hayo makundi matatu ni ya zamani, baadaye yakawa matano, na mwongozo wa kitaifa uliotoka 2023 unataja sita. Tatu, utafiti wa afya wa taifa wa 2022 umekuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, yaani watatu kati ya kila kumi, na mijini sasa tuna tatizo la pili, watoto wanaonenepa kwa soda na chipsi huku damu hawana. Nyumba moja unakuta yote mawili. Kwa hiyo mwalimu anayezawadia soseji siyo jambo dogo.

Kijana wa Kona:
Makundi sita? Sisi tulikuwa na makundi mawili, kipo na hakipo.

Mzee wa Tabata:
Makundi ni matatu. Mimi nimesoma kwa hayo matatu na nina miaka sitini na nane, meno yote yapo.

Binti Lishe:
Mzee wangu shikamoo, sibishani na meno yako.

BabaJunior_Mbagala:
Nyie mnalia pua kuzibwa, mna bahati watoto wenu wana hotpoti. Shule ya wangu tumekubaliana kwenye kikao cha wazazi mchango wa chakula, mwezi wa kwanza makande, wa pili makande, wa tatu makande yana wadudu wanaogelea. Nimekwenda kuuliza mhasibu wa kamati ananiambia wadudu nao ni protini. Mtu mzima na ndevu zake. Mwanangu sasa akiona mahindi barabarani anageuza uso.

DadaZai:
Na nje ya geti je? Saa nne ikigonga watoto wanamwagika kama siafu. Mihogo ya kukaanga na chachandu ya ndoo isiyofunikwa, barafu za rangi, ubuyu uliopakwa rangi nyekundu mpaka vidole vinabaki vyekundu siku mbili. Wangu alirudi ulimi wa kijani nikadhani kaumwa na kitu. Lishe ifundishwe hapo getini kwanza.

Muuza Ubuyu:
Ubuyu wenyewe una vitamini C nyingi tu acheni kutuharibia biashara.

Binti Lishe:
Ubuyu ndiyo. Rangi hapana.

Otis wa Umoja:
Nawasalimu nikiwa Nairobi. Huku shule za umma kuna Dishi na County, ilianza 2023, mtoto anavaa bangili mkononi, anaigusisha kwa kimashine, inakata shilingi tano tu, anapewa lanchi ya moto. Wali na maharagwe, au ndengu. Hakuna cha hotpoti ya nani inanuka, wote wanakula kitu kimoja. Lakini lishe darasani ni zero, kwetu mwalimu wa darasa ndiye anauza smokie, yaani soseji, na mandazi breki ya saa nne. Mtoto asiponunua anaulizwa kama mamake anamchukia.

Kijana wa Kona:
Wakenya mmeingia, tumekwisha. Sasa hivi mtasema na dagaa ni wa kwenu.

Otis wa Umoja:
Sisi tunaita omena na inatoka Ziwa Victoria, letu wote. Ya kwetu tamu zaidi lakini.

Mama Wawili wa Buguruni:
Jamani naomba turudi. Nimemlaza mtoto sasa hivi. Nimemuuliza unataka nikuwekee nini Jumatatu, kaniambia "chochote ambacho madam hatashika pua." Miaka tisa huyu. Mwenye namba ya mtu anayeshughulika na shule binafsi pale elimu anisaidie, au niende kwa mwalimu mkuu kwanza?

Ticha Mkongwe:
Anza kwa mwalimu mkuu, tena kwa maandishi, bakisha nakala. Usiende getini kupiga kelele, mtoto ndiye atakayebaki mle ndani ukishaondoka. Omba kitu kimoja, madam arudie somo, na hotpoti ya mwanao iwe ndiyo mfano.

Mama Wawili wa Buguruni:
Hilo nimelipenda mwalimu. Arudie. Pua iwe wazi.

Mwana Ukerewe:
Mimi nina swali, dagaa wa Kigoma kwa mtoto wa nini na bei zile? Dagaa wa Mwanza wana tatizo gani?

Kigoma Mwisho wa Reli:
Wana tatizo la mchanga. Mnaanika chini kwenye mchanga kama mnakausha matofali, mtu akitafuna meno yanalia kri kri kri. Dagaa wa Kigoma ukimkaanga anakaa kama amesimama gwaride.

Mwana Ukerewe:
Hiyo zamani, sasa tunaanika kwenye chanja. Nyie endeleeni kujisifu, bei yenu utadhani dagaa wamepanda ndege.

Muuza Ubuyu:
Dagaa mchele wa baharini ndio mpango mzima, na nazi, na pilipili mbuzi moja nzima haijapasuka.

Mzee wa Tabata:
Na ugali wa dona. Siyo hii sembe nyeupe kama chokaa.

BabaJunior_Mbagala:
Dona inaniletea kiungulia mzee. Hivi huyo madam alimalizia kufanya nini, alionja?

DadaZai:
Soma juu BabaJunior, kila kitu kipo.

Kigoma Mwisho wa Reli:
Kuna mtu ananitumia mzigo kila wiki kutoka Ujiji, dagaa safi, wamechambuliwa vichwa tayari, hakuna kutoa kwa tochi. Mwenye kuhitaji aje inbox.

DadaZai:
Kilo bei gani, na Tabata unaleta?

Mwana Ukerewe:
Waambie na bei ya Mwanza uone kama watarudi inbox kwako.