Draya ya gesi inapasha mzigo wa kwanza tu, wa pili nguo zinatoka mbichi. Msaada wakuu

BabaPacha
Habari za saa hizi wanajamvi. Niko Brooklyn Park hapa Minnesota, nina tatizo na mashine ya kukaushia nguo, ile ya gesi sio ya umeme mtupu. Niliichukua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama, dola 150, imenifanyia kazi mwaka na nusu bila neno.

Sasa shida yake iko hivi. Asubuhi nikiweka mzigo wa kwanza inapasha vizuri kabisa, nguo zinatoka za moto kama zimetoka kwenye pasi. Naweka wa pili, inazunguka kama kawaida, inanguruma kama kawaida, saa nzima inaisha nafungua mlango nakuta nguo mbichi na za baridi kama nimezivua kisimani. Nikiiacha mpaka jioni inapasha tena mzigo mmoja afu inagoma. Nina pacha wa miezi minane, nguo za hawa watoto haziishi, na huku saivi ukianika nje nguo inaganda na baridi inakuwa ubao, nilijaribu kanzu yangu ikasimama yenyewe bila mtu ndani.

Nimeshanunua ignaita mpya (kile kijiwe kinachong'aa kuwashia gesi) dola 28 nikabadilisha mwenyewe kwa kufuata video, hakuna kilichobadilika. Fundi niliyempigia anataka 120 kuja kuangalia tu, hapo hajagusa kitu. Jiko linawaka, hita ya nyumba inawaka, kwaiyo gesi ipo. Nianzie wapi kabla sijaiburuta kwenye takataka?

Mpemba wa Ubungo
Samahani mkuu natoka nje ya mada, hiyo draya unaifunga na mtungi? Ule wa kilo 6 unakausha nguo ngapi? 😂

BabaPacha
Hahaha hapana kaka, huku ni gesi ya bomba, kama ile ya Songo Songo inayokuja huko kwenu Ubungo, tofauti yake hapa inaingia mpaka besimenti na bili inakufuata mwisho wa mwezi.

Shangazi Columbus
Mdogo wangu hongera na pole na pacha. Kabla hujaenda kwenye mambo ya waya, umeangalia bomba la nyuma la kutolea hewa? Mimi yangu ilinisumbua miezi mitatu nikawa nakausha taulo mara mbili mbili, kumbe kile kimlango cha nje kwenye ukuta kimekwama na yale manyoya ya nguo. Nilipolichomoa lile bomba nilitoa kitu kama paka amelala, cha kijivu, kizito, na soksi ya mtoto ndani yake sijui ilipitaje. Hewa isipotoka joto linarudi ndani, themostati inakata moto, nguo hazikauki. Na kama una lile bomba la karatasi ya fedha linalojikunja kama akodiani lishushe, weka la bati gumu la inchi 4, lile la kujikunja linakusanya uchafu kwenye kila kunjo na linashika moto kirahisi.

KijanaWaNakuru
Boss kwani shida iko wapi, chomoa hiyo pipe ya nyuma ufunge kindoo cha maji, hewa moto ibaki kwa nyumba. Unakausha nguo na unapasha sebule, bill ya heater inashuka. Cousin wangu anafanya hivyo kila winter.

FundiMasafa
KijanaWaNakuru ndugu yangu futa hiyo kabla mtu hajaifuata. Cousin wako ana draya ya umeme, kama sio ya umeme basi mpigie simu sasa hivi. Hewa inayotoka kwenye draya ya gesi imebeba moshi wa ule moto wenyewe, kuna kaboni monoksaidi humo, haina harufu haina rangi, unalala na familia hamuamki. Vindoo hivyo ni vya draya za umeme basi. Ya gesi hewa yake inatoka NJE ya nyumba, hakuna mjadala, na karibu na vyumba vya kulala kuwe na alamu ya kaboni monoksaidi yenye betri nzima.

Haya BabaPacha. Nafanya kazi ya mashine za majumbani hapa Texas mwaka wa tisa, maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Ulipoandika mzigo wa kwanza sawa wa pili baridi, hapo umeshajijibu nusu. Ignaita ikifa imekufa, haiugui mchana ikapona usiku, ni kajiwe tu, kakipasuka hata mzigo wa kwanza hupati moto. Ungeipima na mita ungekuta kati ya ohmu 50 na 400 ukajua ni nzima. Hiyo 28 umetoa sadaka.

Shangazi yuko sahihi, anza na bomba, ni bure na linahitaji kusafishwa vyovyote vile. Ila ukishasafisha usinunue kitu kingine mpaka uone kwa macho yako. Mbele ya mashine chini, mara nyingi upande wa kushoto, kuna katundu kenye kifuniko kadogo, kama yako haina unafungua ile paneli ya chini. Acha mzigo wa kwanza uishe, weka wa pili, zima taa za besimenti, lala chini uchungulie. Ignaita isipowaka kabisa maana yake umeme haufiki au yenyewe imekatika, hapo tutaongea habari za fyuzi ya joto na themostati. Ikiwaka ikakaa inang'aa tu haizimi na moto hauji, ni sensa, ile iliyobanwa pembeni ya mdomo wa moto. Lakini ikiwaka nyekundu, nusu dakika ikazima, moto hakuna, baada ya dakika chache ikarudia vilevile, hizo ni koili za valvu ya gesi. Nakubashiria hiyo ya mwisho lakini nenda kaone.

Mama Kibibi
Mimi naona uza hiyo kitu ununue ya umeme tu, haya mambo ya gesi na watoto wadogo ndani sijui.

BabaPacha
Nililifikiria hilo dada, lakini ya umeme inataka soketi ya volti 240 na hii besimenti yangu haina, hii ya gesi inachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya 120 maana umeme ni wa kuzungusha na kuwashia tu. Kuita mtu wa umeme avute laini mpya ni pesa ya draya nyingine.

Mrejesho. Jana nimesafisha bomba, Shangazi paka wako nilimkuta na huku, tena huyu amezaa. Kimlango cha nje kilikuwa kimeganda na barafu nusu kimefunguka. Mzigo wa kwanza ulikauka dakika 38, zamani ulikuwa unakula saa nzima. Nikasema tumeshinda. Mzigo wa pili, baridi.

Basi nikazima taa nikalala chini kwenye saruji, mke wangu akanikuta akadhani nimeanguka. Nimechungulia dakika kumi. Kile kijiwe cha ignaita kinaanza kung'aa kidogo kidogo, chekundu, halafu karibu cheupe, nasikia tik, kinazima. Giza. Hakuna moto. Zinapita kama dakika mbili kinaanza upya, tik, giza. Mara nne nimehesabu, hakikuwahi kushika hata mara moja. Video ninayo.

FundiMasafa
Video ya nini, koili hizo. Juu ya valvu ya gesi kuna koili mbili nyeusi, kila moja imezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Ignaita ikishapata joto sensa inakata, umeme unahamia kwenye koili, koili inavuta chuma cha ndani, gesi inapita, moto unashika. Sasa zikizeeka ule waya unachanika mahali. Zikiwa za baridi ncha zinagusana, mashine inafanya kazi, ndio mzigo wako wa kwanza. Zikishapata joto waya unatanuka ncha zinaachana, valvu haifunguki. Ukiiacha mpaka jioni zinapoa zinagusana tena. Na ndio maana ukizipima na mita asubuhi zinakudanganya, zinasoma vizuri kabisa. Wengi wanapotelea hapo, wanapima za baridi wanasema koili nzima wanaenda kununua sensa, wanatoka wananunua themostati, mwisho wamenunua draya nzima vipande vipande.

Nunua zote mbili kwa pamoja, zinauzwa seti, hakikisha zinaendana na namba ya modeli iliyobandikwa pale mlangoni. Usibadilishe moja ukaacha nyingine, zimezeeka pamoja. Chomoa plagi. Funga gesi kwenye kile kishikio cha bomba, kikilala sambamba na bomba iko wazi, kikikata bomba kama msalaba imefungwa. Piga picha ya waya kabla hujagusa. Kuna kibati kimezikalia juu na skrubu mbili, ukikitoa koili zinanyanyuka zenyewe, HUFUNGUI bomba la gesi popote. Ukijikuta umeshika spana ya bomba jua umepotea njia rudi nyuma. Moja ina pini mbili nyingine pini tatu kwaiyo hata ukitaka kukosea waya itakukatalia.

Na ile ignaita usiiguse kwa vidole vitupu, mafuta ya mkono yanaifupishia maisha.

Mpemba wa Ubungo
Nasoma huu uzi kama tamthilia na mimi sina draya, nina kamba na vibanio

BabaPacha
Wakuu nimerudi. Koili zimefika juzi, dola 19 seti, bei rahisi kuliko ile sadaka. Kazi imechukua dakika 45 na 30 kati ya hizo ni skrubu moja tu, ile ya nyuma, iko mahali ambapo aliyeiweka hakuwa na mpango wa kuitoa. Bisibisi ndefu haiingii, nilienda kuazima fupi kwa jirani Mliberia, akaja nayo mwenyewe akakaa kuangalia, ikawa kama mechi.

Kuwasha gesi, kuchomeka. Nikachungulia tena. Kikang'aa, tik, halafu FUUU, moto wa bluu umejaa kwenye bomba lote. Mzigo wa kwanza sawa, huo hata zamani ulikuwa sawa, sikushangilia. Wa pili, moto. Wa tatu moto. Wa nne nikakosa nguo nikaweka mapazia.

Nimepaka povu la sabuni kwenye maungio ya gesi japo sikuyagusa, hakuna mapovu. Alamu ya kaboni nimenunua mpya, ile ya zamani nilipoifungua haikuwa na betri kabisa, sitaki hata kuwaza. FundiMasafa sina cha kukulipa, Shangazi na wewe pia, zile dakika 38 ni zako.

Shangazi Columbus
Alhamdulillah. Busu pacha. Na hilo bomba lisafishe kila mwaka usingoje lizae tena.

FundiMasafa
Safi sana. Halafu ile ignaita ya zamani uliyoitoa usitupe, ilikuwa nzima, ifunge kwenye kitambaa uiweke akiba.

BabaPacha
Mkuu... ile siku nalala chini kuchungulia ilikuwa mfukoni

Mpemba wa Ubungo
😂😂😂 dola 28 kwa mara ya pili