Mjadala: Kasi ya mbio fupi ni ya kuzaliwa nayo, au inafundishika?

Misumari: Kuna makocha wanaomtazama kijana mara moja, wakaamua hana nyuzi za kasi, wakamhamishia mbio ndefu. Ni haki? Nyuzi za misuli ni aina tatu: za polepole, zinazotegemea oksijeni na kuchelewa kuchoka, za kasi zenye uvumilivu kiasi, na za kasi kabisa, zinazochoka upesi. Hizi mbili za mwisho hubadilika kwa mazoezi. Mlango wa nini kumfungia mtu?

Pumzi Ndefu: Hubadilika zenyewe kwa zenyewe, ndugu. Ya polepole kuwa ya kasi ni nadra mno. Hata kunyanyua vyuma hugeuza za kasi kabisa kuwa zile za kati. Halafu kuna jeni ya ACTN3, inayotengeneza protini ya nyuzi za kasi: karibu mtu mmoja kati ya watano duniani hana protini yake, na kwenye mita 100 za kimataifa watu hao hawaonekani sana. Mkimbize kwa nguvu utakavyo, kesho miguu imejaa asidi ya laktiki tu.

Kona ya Nne: Asidi ya kesho? Laktiki hurudi kawaida ndani ya saa moja hivi! Maumivu ya kesho ni michubuko midogo ndani ya nyuzi, hasa baada ya kukimbia mteremko, msuli ukivutwa huku umekaza.

Pumzi Ndefu: Usinifundishe kazi. Mita 400 zinakaza miguu kwa nini?

Kona ya Nne: Hiyo ni papo hapo, fosfati na haidrojeni, mabaki ya kazi ya msuli, zikilimbikizana. Wewe umesema kesho.

Saa Mkononi: Mnagombania laktiki na kijana anaumia. Mwili huamsha nyuzi ndogo kwanza. Za kasi huamshwa pale nguvu kubwa ikihitajika. Anayekimbia taratibu kila siku hajawahi kuzifundisha. Mpe mita 30 kwa nguvu zote, mara 4 hadi 6, apumzike dakika 3 hadi 5 kila mara, maana kreatini fosfati, akiba ya nguvu ya haraka ya msuli, haijai kwa nusu dakika. Ukimharakisha, mbio ya nne goti haliinuki, mguu unatua mbele mno ya kiuno, na msuli wa nyuma ya paja unachanika. Kisha anaambiwa hana kipaji. Kasi ikianza kushuka, simamisha zoezi.

Misumari: Na vyuma wiki ya mwisho kabla ya mashindano aache, zile za kasi kabisa zirudi?

Kona ya Nne: Kurudi huko huchukua miezi, si wiki. Wiki ya mwisho unaondoa uchovu. Na Pumzi Ndefu bado hajajibu kuhusu kesho.

Pumzi Ndefu: Nimejibu. Soma tena.